Gari la Mtumba: Lionwe Kabla ya Pesa Kutoka

Maongezi kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Voi



Leo tuzungumze juu ya gari. Vikundi vyetu kadhaa vinaweka akiba ili kununua pikapu ya kushusha mboga kutoka Wundanyi na Werugha hadi Voi na Mombasa. Ni jambo jema, maana mkulima akikodi gari kila siku ya soko, faida yote huishia kwa mwenye gari. Lakini tuna habari moja, nayo si tamu.

Kikundi kimoja huko milimani kiliweka akiba miaka minne. Akina mama waliuza nyanya, kabichi, hata mbuzi. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 wakapata muuzaji wa Nairobi kwa simu. Akatuma picha sita: pikapu nyeupe, inang'aa kama sahani. Bei ilikuwa chini kuliko za wengine, na eti kuna mteja mwingine yuko njiani. Pesa zikatumwa siku ile ile. Nasi tulipoulizwa tulisema, "Picha ni nzuri." Kosa hilo ni letu pia, tunalikiri.

Wiki ya tatu taa zikaanza kuwaka zenyewe. Kisha gari likazimika kwenye kona za kupanda kutoka Mwatate, likalala pale na mzigo. Fundi alipoinua zulia akakuta tope kavu. Jamani, gari lilikuwa limezama!

Maji hayaonekani kwenye picha. Bodi huoshwa, siti huanikwa, lakini nyaya huendelea kuliwa na kutu kidogo kidogo. Basi vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho wake, kwa sababu wengi huosha kile kipande kinachoonekana tu. Inua zulia, tia mkono chini, nusa. Tazama nati zinazoshika siti. Chungulia taa za mbele kama zina ukungu ndani. Na ukikuta manukato makali mno, uliza yanafunika harufu gani.

Gari lililogongwa nalo lina dalili zake. Chukua sumaku ndogo, hata ya spika bovu, ifunge kitambaa, uipitishe kwenye bodi. Palipojazwa pati haishiki. (Bampa la plastiki pia halishiki, msimwonee mtu bure.) Linganisha nafasi za milango, kulia na kushoto. Tairi zikiwa zimelika upande mmoja, mwambie fundi alale chini aikague chesisi.

Mkinunua gari lililotoka Japani, ombeni karatasi ya mnada wa huko. Mara nyingi herufi R mahali pa alama ya gari huonyesha kwamba liligongwa likatengenezwa. Na sheria yetu hairuhusu kuingiza gari la zaidi ya miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza.

Makaratasi je? Rekodi za NTSA hutafutwa kwa intaneti, na kijana yeyote wa saiba pale mjini atawasaidia. Mtaona jina la mwenye gari, na kama kuna benki inayolidai. Nambari ya chesisi isomwe kwenye chuma chenyewe, si kwenye picha, ilingane na logbuku.

Haya yote yanataka mtu aliyesimama mbele ya gari. Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kiandike kwenye kumbukumbu za mkutano: wanachama wawili wasafiri na fundi wetu wenyewe, si wa muuzaji, na mweka hazina asitoe hata shilingi kabla hawajarudi kutoa habari. Nauli ya watu watatu itauma, ndiyo. Kile kikundi cha milimani kingeilipa mara kumi kwa furaha.

Sasa twendeni nje. Gari la parokia liko chini ya mwarobaini, na fundi amekubali tuinue zulia, kila mtu atie mkono wake.