Mkataba Umekwisha, Mahindi Bado Shambani

Leo tuongee jambo moja tu: muda wa kukodi umekwisha, mwenyewe anataka chake, na sisi hatujawa tayari kutoka. Tufanyeje?

Hapa Kitale vikundi vingi hukodi ekari moja au mbili za mahindi. Tunapanda Machi au Aprili, na mahindi yetu ya nyanda za juu hukaa shambani miezi sita na zaidi. Mvua ikichelewa, Desemba inafika bado yamesimama, na mkataba unaisha tarehe 31. Kule Bungoma ni kugumu zaidi. Miwa inataka karibu miezi 18, na lori likikawia, mwenye shamba amekwisha kuleta trekta.

Wengine hujificha. Mwenyewe akija, anaambiwa mwenyekiti amesafiri. Wapendwa, hiyo si njia. Huenda naye ni mjane anayetaka kulimia watoto chakula. Tufuate haya:

1. Tuombe mapema. Miezi mitatu kabla ya mwisho tumwendee, tumwambie wazi tunahitaji wiki ngapi na tutalipa pesa ngapi. Akikubali, iandikwe na itiwe sahihi mbele ya mashahidi. Ya mdomo husahaulika.

2. Tuendelee kulipa. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 60, inasema anayebaki bila ruhusa bado amefungwa na masharti yote ya mkataba, kodi ikiwemo. Mwenyewe akipokea kodi mara moja, hiyo si kusema amekubali tukae. Lakini akiendelea kuipokea kwa miezi miwili, sheria inahesabu kwamba tumeingia mkataba wa mwezi kwa mwezi. Kwa hiyo tutunze risiti. Mali bila daftari huisha bila habari.

3. Wenye duka au hoteli mjini wana sheria yao, Sura ya 301. Kama hakuna mkataba wa maandishi, ama ni wa miaka 5 kushuka chini, tarehe kupita peke yake haiwatoi. Mwenye nyumba lazima atoe notisi ya maandishi, kwa fomu maalum, isiyopungua miezi miwili. Msipokubali, mjibuni kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja, na mpeleke shauri kwenye baraza la kodi za nyumba za biashara kabla siku ya notisi haijafika. Hapo mtakaa mpaka shauri lisikizwe. Mkinyamaza, notisi itafanya kazi na mtatoka.

4. Mkishindwa kuelewana, anzeni kwa mzee wa kijiji na chifu. Baadaye iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Kitale na Bungoma pia. Nendeni na mkataba na risiti mkononi, si maneno matupu.

Na safari ijayo, mkataba useme "mpaka mavuno yatoke", usitaje tarehe peke yake. Tena kukodi shamba la kilimo kunahitaji ridhaa ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu kupatana.

Mkirudi nyumbani, katibu alete mkataba wenu kwenye mkutano ujao. Usomwe kwa sauti, hata wasiojua kusoma wasikie. Kisha mjiulize: unaisha lini? Na mazao yetu yanatoka lini? Kama tarehe hizo mbili hazipatani, mtumeni mtu kwa mwenye shamba wiki hiyo hiyo.