KUTAZAMA REKODI YA JINAI YA MTU ALIYEKAA MJINI
Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanachama

(Wenzetu waliokuwa wanavuna maharage siku ile waliomba maneno haya yabandikwe. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, na majibu ya maswali nimeyachanganya humo humo.)



Najua jua limeshapanda, kwa hiyo naingia moja kwa moja. Chama kinataka kuajiri mtunza fedha na mtunza ghala kabla msimu haujafunguliwa. Waombaji ni watano, na watatu kati yao wamekaa Dar es Salaam miaka mingi. Tangu majina yabandikwe, kila niendako, kisimani, mnadani, hata kilabuni ambako siendi sana, nasikia: "Katibu, yule alifungwa. Nenda mjini ukatazame rekodi yake." Basi leo nawaeleza rekodi hizo ziko wapi, nani anaziona, na zinasema nini.

Kwanza muelewe hivi. Hapa Tanzania hakuna daftari la wahalifu ambalo mtu yeyote anaweza kwenda kulifunua. Mmoja wenu ana mjomba Marekani, amesikia kwamba kule mtu huenda kwa karani wa mahakama, hata katika mji mkubwa kama Chicago, akaomba kuona jalada la kesi ya jirani yake. Ni kweli, kule ndivyo walivyopanga. Huku kwetu rekodi hutunzwa na Jeshi la Polisi, kwenye Kamisheni ya Uchunguzi wa Kisayansi wa Jinai. Na anayeomba ni mwenye rekodi mwenyewe. Mimi Katibu nikienda kule na majina yenu matano kwenye karatasi, nitarudi na nauli ya chama imekwisha na mikono mitupu.

Sababu kubwa ni kwamba rekodi ile inatafutwa kwa alama za vidole. Jina si kitu. Hapa kijijini peke yake tunao watu watatu wenye jina moja la kwanza na jina moja la baba, na mmoja wao amekaa kimya pale nyuma anacheka. Vidole havifanani. Jambo hili lilianza zamani: ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta, India, mwaka 1897, na polisi wa London wakafungua yao mwaka 1901. Wakoloni wakalileta kwetu kwa njia mbaya. Wenzetu wa Kenya walivishwa kipande shingoni chenye alama za vidole kuanzia miaka ya 1920, kusudi kibarua akitoroka shamba la mzungu akamatwe. Babu zetu Waha waliokwenda manamba kwenye mkonge walizijua karatasi za namna hiyo. Ndiyo maana wazee wengine wakiambiwa "weka dole" wanakunja uso, na mimi siwalaumu.

Sasa utaratibu. Mwombaji anachukua barua ya utambulisho kwa Mtendaji wa Kijiji, kitambulisho chake cha taifa na picha ndogo. Siku hizi maombi hufanywa kwenye mtandao wa Jeshi la Polisi, kijana yeyote mwenye simu nzuri atamsaidia. Malipo yanakwenda Serikalini kwa namba ya kumbukumbu, benki au kwa simu. Hayapiti mkononi mwa mtu. Akitokea mtu stendi akasema "lete hela nikupitishie", huyo mkimbieni. Kisha aende kituo cha polisi cha wilaya, wamwambie kama vidole vinachukuliwa hapo au Kigoma mjini. Vidole ni vyote kumi. Na hapa niseme jambo dogo ambalo wengi hawalijui: mkono wa jembe hufutika mistari. Ukitoka kumenya muhogo na kwenda kupaka wino, alama zinatoka kama matope, unarudishwa. Siku mbili tatu kabla pumzisha mikono, ioshe vizuri, paka mafuta usiku.

Vidole vikilinganishwa, mwombaji hupewa hati. Watu wanaiita hati ya tabia njema, lakini jina hilo linatudanganya. Polisi hawajui tabia ya mtu. Wanachosema ni kwamba katika kumbukumbu zao wameona kosa la mtu huyu, au hawakuona.

Jamani, hapa naomba mnisikilize, maana hapa ndipo chama hiki kimeumia mara mbili.

Mara ya kwanza mnaikumbuka. Kijana wetu alirudi kutoka Dar es Salaam akaomba utunzaji ghala. Ikasemwa eti alifungwa Ukonga. Tukamnyima. Mimi nilikuwa mjumbe, nilinyoosha mkono kumkataa, sifichi. Baadaye alileta nakala ya hukumu: alishitakiwa, kesi ikasikilizwa, akaachiwa huru. Kukaa rumande ndiko kulikoitwa kifungo. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshitakiwa kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike. Sisi tulimtendea hivyo baada ya mahakama kumsafisha! Alikwenda zake Kakonko, na sasa anawatunzia wenzetu ghala bila gunia kupotea.

Kwa hiyo mtu akisema fulani ana kesi, muulizeni: mahakama gani, mwaka gani, namba gani ya kesi? Kama ni Kisutu, Kariakoo au Kinondoni, jalada liko huko huko, na nakala ya hukumu huombwa kwa barua kwa Hakimu Mfawidhi. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani nyingi zimewekwa kwenye mtandao uitwao TanzLII, bila malipo, mtu yeyote anasoma. Lakini angalieni. Mtandaoni mnatafuta kwa jina, na nimeshawaambia habari ya majina. Pia someni mpaka mwisho wa safari: mtu amefungwa Mahakama ya Wilaya, akakata rufaa, Mahakama Kuu ikafuta kifungo. Aliyesoma karatasi ya kwanza tu atakuja kutuambia huyu ni mfungwa. Tena kufutiwa mashitaka si sawa na kuachiwa huru. Aliyefutiwa anaweza kushitakiwa tena, aliyeachiwa huru mahakama imemaliza habari yake, labda upande wa mashitaka ukate rufaa. Yote mawili si kutiwa hatiani.

Mara ya pili ndiyo inayonikera zaidi, na wengi mmeinamisha vichwa kabla sijasema. Mtunza fedha wetu wa zamani. Fedha za wakulima zilipungua, akakiri mbele yetu, akalia. Sisi tukasema ni mtoto wa hapa hapa, tuyamalize kinyumbani, atalipa kidogo kidogo. Alilipa mara mbili, akahama. Mwaka jana nimesikia ameajiriwa na chama kingine cha msingi. Waliomwajiri walifanya kama inavyotakiwa, walimtaka hati ya polisi, naye akaileta, safi kabisa. Itakosaje kuwa safi? Nani alimpeleka polisi? Kumbukumbu za polisi hazina macho ya kuona ghala letu. Wale wenzetu walisoma hati, kumbe walikuwa wanasoma ukimya wetu.

Ndiyo sababu Bodi haitaishia kwenye hati. Tutamwandikia Afisa Ushirika wa wilaya alikofanya kazi mwombaji, na kama alikuwa kwenye chama cha ushirika tutaomba kujua taarifa ya wakaguzi wa COASCO ya miaka ile ilisema nini. Karatasi ya mkaguzi huona upungufu hata pale wanachama walipoona haya kusema.

Ndugu mmoja wa Kasulu aliuliza: hati zikija, tutazibandika hapa ukutani ili kila mtu asome? Hapana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka habari za makosa ya mtu kwenye fungu la taarifa nyeti. Mwombaji atatia sahihi kwamba amekubali, Bodi itasoma, hati itafungiwa kabatini. Na mama mmoja aliuliza vizuri: kama hati ina kosa, ndiyo basi? Tutamwita tumsikilize. Aliyetozwa faini kwa kupigana ujanani si sawa na aliyeiba fedha za watu, na sisi tunatafuta mtunza fedha.

Kwa kuwa safari na malipo ni mzigo, waombaji watano hawatahangaishwa wote. Tutafanya usaili kwanza, na wawili watakaochaguliwa ndio wataleta hati kabla ya kutia sahihi mkataba. Nauli chama kitarudisha. Mkutano umekubali hili kwa kunyoosha mikono.

Kuhusu mtunza fedha wa zamani, nimeuliza polisi, bado tunaweza kufungua jalada. Wazee wawili walipinga, wakasema tunamwonea mtoto. Wengi wamekubali. Chama alichopo sasa nacho kitaandikiwa na Mwenyekiti. Lakini bila ushahidi polisi hawatafika popote, na leja ya msimu ule ina kurasa zilizochanwa. Kwa hiyo kila aliyeuza mazao msimu ule alete stakabadhi yake kwangu kabla ya Jumatano jioni, hata ikiwa imeliwa na panya nusu. Nitainakili na kumrudishia mwenyewe.

Katibu