Tulilipia kisu, kupona hatukulipia

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kilembwe



Leo tunataka kusema juu ya macho ya mama mmoja wetu, na juu ya kosa letu sisi wenyewe.

Mama huyu tulivuka naye ziwa kutoka Tanzania mpaka Baraka. Tangu kule kambini alikuwa akinyofoa kope kwa kibano. Vikope tunavijua: trakoma inarudi-rudi tangu utoto, ndani ya ukope linabaki kovu, kovu linauvuta ukope kwa ndani, na vinyweleo vinakwaruza jicho kila mtu anapopepesa. Ukinyofoa unapata raha siku chache tu. Vinaota tena, vifupi na vikali.

Basi tulichanga faranga, akaenda kupasuliwa. Walimchoma sindano ya ganzi, wakaugeuza ukope kwa nje, wakaushona, siku ile ile akatoka. Sisi tukapiga vigelegele, tukafikiri kazi imekwisha.

Siku ya tatu mama alikuwa shambani. Angefanya nini? Hakuna aliyemletea maji wala kuni. Alipika ndani ya moshi, akajifuta jicho kwa kitenge. Siku ya kutolewa nyuzi ikafika, pesa ya njia hatukuiweka, na barabara yetu wakati wa mvua wote tunaijua. Jicho likatoa usaha. Tulimkimbiza kwa munganga, jicho likapona, ila upande mmoja vinyweleo vimeanza kugeuka tena. Mama alituambia kwa upole tu: tulilipia kisu, kupona hatukulipia. Tulinyamaza, juu alisema kweli.

Sasa tusikilizane. Bandeji hutolewa kesho yake. Kuvimba siku za kwanza ni kawaida. Dawa ya mafuta ya tetrasaiklini hupakwa mara mbili kwa siku, kwa wiki mbili hivi, kama munganga alivyoandika. Hapana kusugua, hapana majani, hapana moshi wala vumbi. Nyuzi, kama si zile zinazoyeyuka zenyewe, hutolewa kati ya siku ya 8 na ya 14. Baada ya miezi 3 mpaka 6 jicho liangaliwe tena, juu vikope vinaweza kurudi. Ukiona usaha, maumivu yanazidi, macho yanapungua nguvu au jicho halifumbi, usingoje: rudi mbio.

Tena tusidanganyane: operesheni hairudishi macho yaliyokwisha kupotea. Inalinda yale yaliyobaki. Na watoto tuwaoshe uso kila siku, tuchimbe vyoo, tukubali dawa zikigawiwa. Malawi, watu wa ziwa kama sisi, walitambuliwa na WHO mwaka 2022 kwamba wameitokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Wanachama: kila anayepasuliwa, wiki mbili majirani wamchotee maji, wamletee kuni, wamlimie. Wafadhili: kabla ya kutulipia operesheni nyingine, tusaidieni pesa ya njia ya kurudi, na iwekwe kando kabla mgonjwa hajaondoka nyumbani.

Mama mwenyewe yuko hapa, ameketi mbele. Amekubali kurudi kuangaliwa. Safari hii hataenda peke yake.