Mizinga Mikubwa Juu ya Manowari Ndogo



Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha mwaka 1918, Wafaransa walipewa baadhi ya manowari za Wajerumani walioshindwa. Mojawapo ilikuwa S 113, ambayo walibadili jina lake wakaiita Amiral Sénès. Hiyo ilikuwa manowari ya mbio, ya namna iitwayo destroya, lakini ilichukua mizinga 4 ya sentimita 15. Hivyo ilidhihirika kwamba chombo chepesi chaweza kuchukua silaha nzito.

Mwaka 1922 Mkataba wa Washington uliweka mpaka kwa manowari kubwa kabisa, na Ufaransa na Italia zikapewa kiasi sawasawa, yaani tani 175,000 kila moja. Idadi ya destroya, hata hivyo, haikuwekewa mpaka. Basi mataifa hayo mawili yakashindana katika Bahari ya Mediterania kwa vyombo vya mbio.

Ufaransa ilianza na manowari 6 za namna ya Jaguar, kila moja ikiwa na mizinga 5 ya milimita 130. Kombora lake lilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 30, ambapo kombora la destroya za Kiingereza za wakati huo halikufika kilo 23. Lilikwenda zaidi ya maili 10. Kwa hesabu ya karatasini, hapakuwa na destroya ya Ulaya iliyoweza kushindana nazo.

Lakini tufikiri kazi ya baharia. Sitaha inapanda na kushuka, maji yanamwagika miguuni, naye amebeba kombora mikononi. Zaidi ya hayo, mlango wa nyuma wa mzinga ule ulifungwa kwa parafujo nzito, iliyopaswa kuzungushwa na kufunguliwa kila mara. Kwa hiyo mzinga ulipiga mara 4 au 5 tu kwa dakika moja, na mzinga wa Kiingereza, ijapokuwa mdogo, ulipiga kwa haraka zaidi.

Wafaransa hawakupunguza ukubwa, bali waliuzidisha. Mzinga wa mwaka 1923 ulikuwa wa milimita 138.6, na kombora lake lilikuwa la kilo 40, karibu nusu ya gunia la mahindi. Huo nao ulikuwa mzito wa kupakia. Dawa ilipatikana katika mzinga wa mwaka 1927, uliowekewa mlango wa kuteleza, ambao hufunguka wenyewe baada ya kupiga. Mzinga wa mwaka 1929 uliendeleza kazi hiyo, ukaweza kupiga hata mara 12 kwa dakika. Ulifungwa juu ya manowari za namna ya Le Fantasque, na mmoja wa ndugu zake, Le Terrible, ulikwenda mwendo wa maili 45 za baharini kwa saa moja katika majaribio ya mwaka 1935.

Vita vilipokuja, adui hakuja kwa njia iliyotazamiwa. Mizinga hiyo ilitengenezwa kupiga manowari zilizo mbali. Haikuweza kuinuliwa juu vya kutosha kupiga ndege. Mwezi wa Mei 1940, Orage ilizamishwa na ndege za Kijerumani karibu na Boulogne, na Jaguar ikapigwa topido na mashua ndogo karibu na Dunkirk. Mabaharia hawakukosa ushujaa. Silaha yao haikulingana na hatari iliyowafikia.

Nyingine zilitumika vema. Léopard, ndugu yake Jaguar, ilifika kisiwa cha Réunion katika Bahari ya Hindi mwezi wa Novemba 1942, ikashusha askari wa Jenerali de Gaulle, na kisiwa kikaingia upande wao. Mwezi huo huo manowari nyingi za Ufaransa zilizamishwa Toulon na mabaharia wake wenyewe, zisipate kutwaliwa na Wajerumani.

Wahenga walisema: Wembamba wa reli, garimoshi hupita. Katika mizinga hii, mlango mdogo wa nyuma ulikuwa na thamani kuliko inchi nyingi za mdomo. Anayenunua chombo cha kazi, kiwe cha vita au cha shamba, na aulize kwanza: ni nani atakayekitumia, na katika hali gani?