Jina Lisomwe Herufi kwa Herufi

(Mazungumzo ya mratibu wa miradi ya dayosisi na wajumbe wa kamati za usharika, Benaco, wilayani Ngara)



Nimeombwa nieleze kwa nini tumebadilisha namna ya kutunza orodha za walengwa katika kompyuta. Naanza na kisa kinachotuhusu. Katika awamu iliyopita ya kopa mbuzi lipa mbuzi, mama mmoja mjane aliandikwa na kijiji kwa jina linaloanza na R. Kwenye orodha yetu sisi liliandikwa kwa L. Kompyuta ilipolinganisha orodha hizo ilisema mtu huyo hayupo, na mbuzi wake akapewa aliyefuata. Yule mama alikuja ofisini mara tatu. Mara mbili za kwanza tulimwonyesha karatasi tukamwambia, "Mama, jina lako halimo." Nasema hivi kwa aibu, maana kosa lilikuwa letu.

Kompyuta haisomi jina kama sisi tunavyolisoma. Sisi tunaliona jina zima na kumkumbuka mwenyewe, hata na ukoo wake. Mashine inapita herufi moja baada ya nyingine, kama mtoto wa darasa la kwanza anayefuata kwa kidole. Kila inapofika inauliza: herufi hii inafanana na ile ya orodha ya pili? Ikikuta moja tu isiyofanana inasimama na kusema haya ni majina mawili. Kwake Lusahunga na Rusahunga, kule Biharamulo, ni mahali pawili, ingawa dereva yeyote wa lori hapa Benaco atawaambia ni pamoja. Benaco penyewe, palipopata jina kutokana na kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, wengine wanapaandika Benako.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka Aprili 28 na 29, 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi. Watoto walipotezana na wazazi, na kazi ya kuwaunganisha ilitegemea majina yaliyoandikwa haraka, na watu wa lugha mbalimbali, kila mmoja kwa jinsi sikio lake lilivyosikia. Pale herufi moja haikuwa jambo dogo.

Wataalamu wamehangaika na jambo hili zamani. Huko Marekani mwaka 1918 Robert Russell alipewa hataza ya njia ya kupanga majina kwa sauti, ambayo baadaye ilijulikana kama Soundex. Inabakiza herufi ya kwanza, inaacha irabu, na konsonanti zinazofuata inazipa namba hadi zipatikane tarakimu tatu. Tuliijaribu kwa majina ya huku. Niyonzima na Niyonsenga, ambayo kila mtu hapa anajua ni majina mawili, yote yalitoka N525. Lakini Rukia na Lukia yalitoka R200 na L200, kana kwamba ni watu tofauti. Sishangai, ilitengenezwa kwa masikio ya Kiingereza, na majina yetu yamejaa irabu.

Kwa hiyo vijana wetu wameandika programu fupi. Inapita kila herufi ya jina: herufi kubwa inaigeuza kuwa ndogo, L inaigeuza kuwa R, nafasi na kipashio inaviruka, nyingine inaziacha zilivyo. Hapo ndipo inalinganisha. Siku ya kwanza ilituchekesha. Kompyuta huhesabu herufi kuanzia sifuri, hivyo herufi sita za Benaco ni namba 0 hadi 5. Kijana wetu alikosea hesabu, programu ikaishia kabla ya herufi ya mwisho, na Paulo na Paula wakawa mtu mmoja!

Kipashio ndicho kilichotusumbua zaidi. Jina kama Ng'wandu ni alama nane. Kile kipashio kilichonyooka huchukua baiti moja, lakini kile kilichopinda, ambacho programu za kuandikia hukiweka zenyewe, huchukua baiti tatu katika mfumo wa UTF-8. Programu inayopita baiti kwa baiti itahesabu kumi na kukatakata alama katikati. Ni lazima ipite alama kwa alama, na vipashio vyote viwili ivitambue.

Wafadhili wetu wameuliza kama sasa mashine itaamua nani apate. Hapana. Ikiunganisha L na R yaweza pia kuunganisha watu wawili wa kweli, mmoja akanyimwa. Itatoa tu majina yanayokaribiana, na kamati ya kijiji, inayowajua watu kwa sura, ndiyo itakayoamua.

Ombi langu kwenu: mwandikeni mtu kama anavyojiandika mwenyewe, msimsahihishie. Wekeni na mwaka wa kuzaliwa na kitongoji. Orodha zitufikie kabla ya mgao, na mwenye jina lisiloonekana asirudishwe nyumbani kabla orodha haijasomwa mbele yake, jina kwa jina.

Yule mama tumemwandika wa kwanza katika awamu hii. Tumemwandika kwa R, kama alivyotaka.