Tangi na Saa: Historia ya Magari ya Zimamoto, Kutoka Mjini Hadi Uwanja wa Ndege



Najua wapo humu ukumbini wanaojiuliza mtu wa historia ana shughuli gani na magari chakavu ya zimamoto. Jibu langu ni kwamba gari la namna hii ni hati. Ukilizunguka taratibu, ukapima tangi lake na kuhesabu mikono ya pampu, utajua waliolitengeneza waliogopa moto gani na walidhani wana muda kiasi gani wa kuukabili. Kwa karne nyingi swali lilikuwa nani atasukuma pampu. Ndege ilipokuja, swali likawa ni dakika ngapi.

Pampu yenyewe ni ya kale mno. Ubunifu wake huhesabiwa kuwa wa Ctesibius wa Alexandria, karne ya 3 kabla ya Kristo. Naruka hapo hadi Amsterdam, mwaka 1672, ambako mchoraji Jan van der Heyden na ndugu yake Nicolaes walileta mipira ya ngozi ya kupitishia maji. Kabla yao pampu ilirusha maji kutoka barabarani, na mengi yaliishia ukutani. Mpira uliwawezesha watu kuingia ndani na maji mpaka penye shina la moto. Kwangu mimi hilo ni badiliko kubwa kuliko injini ambazo wapenzi wa magari haya hawachoki kuzisimulia.

Hebu tuitazame mashine moja kwa karibu. Richard Newsham wa London alipata hataza za pampu yake mwaka 1721 na 1725, na mwaka 1731 mji wa New York ukanunua 2. Ni sanduku refu la mbao, jembamba kiasi cha kupita kichochoro cha kama mita moja, juu ya magurudumu 4 madogo. Pembeni ina mikono mirefu ya kusukuma juu na chini. Katikati kuna vikanyagio, ili wengine wapande na kuongeza uzito wa miili yao. Ekseli hazikati kona, kwa hiyo mkifika njia panda mnalinyanyua sanduku zima na kuligeuza. Maji yaliletwa kwa ndoo, mkono kwa mkono. Mashine hii haiwezi kitu bila umati, na umati una tabia zake. London ya miaka ya 1830, chini ya mkuu wa zimamoto James Braidwood, wapita njia waliosukuma pampu walilipwa kwa saa, na bia juu yake. Inasimuliwa kwamba bia ikichelewa, pampu nayo ilichelewa.

Dawa ya umati ilikuwa mvuke, lakini haikupokelewa upesi. John Braithwaite na John Ericsson walitengeneza pampu ya mvuke mwaka 1829. Februari 1830, ukumbi wa Argyll Rooms ulipoungua usiku wa baridi kali, pampu za mikono ziliganda barafu, nayo ile ya mvuke ikapiga kazi saa 5 mfululizo. Hata baada ya hapo kikosi cha London kiliendelea na mikono ya watu hadi 1860. Huko Marekani, Cincinnati ilipata mashine yake ya mvuke mwaka 1853, ikaiita Uncle Joe Ross, na Aprili mwaka huohuo ikaanzisha kikosi cha askari wa zimamoto wa kulipwa. Vikosi vya kujitolea havikufurahi. Vilikuwa vyama vya vijana, vyenye bendera, wafuasi na wanasiasa wao, na iliwahi kutokea vikagombana ngumi kuhusu nani achukue maji kwanza huku nyumba ikiendelea kuteketea. Mvuke uliwaondolea kazi, na pamoja na kazi ukawaondolea kura.

Kisha petroli. Mwaka 1904 kampuni ya Merryweather iliupelekea mji wa Finchley, Uingereza, gari ambalo injini moja ya petroli ililiendesha barabarani na kusukuma maji penye moto. Farasi walianza kustaafu. Magari ya aina hiyo ndiyo yaliyofuata wakoloni hadi huku kwetu, na hapa lazima nisimame kidogo, maana huku gari lilisomwa kwa namna nyingine kabisa.

Wazee wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam waliwahi kutuhadithia habari za wazimamoto waliokamata watu usiku na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya simulizi hizo, Speaking with Vampires, kilichotoka mwaka 2000. Wapo wanaozicheka. Mimi sizicheki. Mtu aliyeishi upande wa mji usiokuwa na bomba aliona gari jekundu, limefungwa pande zote, likiendeshwa kwa amri ya serikali isiyomweleza kitu, na hakuliona mara nyingi likizima moto wa nyumba yake. Alisoma hati ileile ninayoisema, akakuta ndani yake hofu ya zama zake. Alichokiogopa ni mwenye gari.

Turudi kwenye mashine. Magari yote ya mjini, tangu Newsham hadi Merryweather, kwa asili ni pampu tu. Maji yako kisimani, mtoni au kwenye bomba la barabarani. Ndege huanguka pasipo na bomba. Tena ndege imebeba mafuta yanayoelea juu ya maji. Mwagia maji mafuta yanayowaka: maji yanazama, mafuta yanapanda juu yake na kusambaa, na moto unasafiri nayo. Kwa hiyo gari la uwanja wa ndege lilihitaji vitu viwili ambavyo gari la mjini halikuwa navyo: tangi kubwa, na povu.

Povu lilianzia kwenye visima vya mafuta. Aleksandr Loran, mwalimu huko Baku, aliona visima vikiungua bila maji kufua dafu, na kati ya 1902 na 1904 akabuni povu linalofunika mafuta kama blanketi na kuyanyima hewa. Baadaye yakaja mapovu ya protini, ya awali yakitokana na kwato na pembe za wanyama zilizosagwa, na waliofanya nayo kazi hawakusahau harufu yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la majini la Marekani lilitumia povu la protini ya soya, ambalo mabaharia walilibatiza jina la supu ya maharage. Protini hiyo ilitokana na kazi ya mkemia Percy Julian, mjukuu wa watu waliokuwa watumwa huko Alabama.

Vita hivyo ndivyo vilivyolifanya gari la uwanjani kuwa aina yake yenyewe. Ndege zilirudi zimetobolewa, nyingine na mabomu bado tumboni, na wazimamoto walilazimika kusubiri kando ya njia ya kurukia, injini zikiunguruma. Baada ya vita Waingereza walitengeneza Alvis Salamander yenye magurudumu 6 yote yakisukuma, ndugu wa magari ya deraya. Wamarekani walifika mbali zaidi. Oshkosh P-15, iliyoingia jeshi la anga mwaka 1977, ilikuwa na magurudumu 8, injini 2, na tangi la lita zipatazo 22,700. Ukisimama kando yake, kimo cha tairi kinakueleza kwamba waliolitengeneza hawakutegemea barabara.

Ukubwa huo haukutokea bure: ndege zenyewe zilikuwa zimekua. Novemba 20, 1974, ndege ya Lufthansa aina ya Boeing 747 ilianguka mara tu baada ya kuruka Nairobi, ikawaka. Kati ya watu 157, 59 walikufa. Ilikuwa ajali ya kwanza ya vifo ya aina hiyo ya ndege. Leo shirika la usafiri wa anga la kimataifa, ICAO, linataka gari la kwanza lifike sehemu yoyote ya njia ya kurukia ndani ya dakika 3, na viwanja vijitahidi kufika ndani ya dakika 2. Kituo cha zimamoto hujengwa pale saa inapoamuru.

Kukimbizana na saa ndiko kulikotuletea povu la mwisho ninalotaka kulitaja. Julai 1967 meli ya kivita USS Forrestal iliungua na watu 134 wakafa. Wakati wa patashika hiyo, baadhi ya mabaharia walimwaga maji yaliyoosha povu ambalo wenzao walikuwa wakilimwaga. Maabara ya jeshi la majini na kampuni ya 3M walikuwa wamekwisha kuunda povu jipya lenye florini, linalotandaza utando mwembamba juu ya mafuta na kuzima kwa kasi ya ajabu. Baada ya Forrestal lilienea melini, kisha viwanjani. Lilikuwa jibu zuri kwa swali la dakika ngapi, na kosa lake limo katika swali hilohilo, kwa kuwa hakuna aliyeuliza kemikali hizo zingedumu ardhini miaka mingapi. Miongoni mwa kemikali za aina hiyo, PFOS iliingizwa kwenye Mkataba wa Stockholm, unaodhibiti sumu zinazodumu, mwaka 2009, na PFOA mwaka 2019. Januari 2023 jeshi la Marekani likatoa masharti ya povu lisilo na florini.

Kwa wanaokusanya na kufufua magari ya zamani, hili si jambo la vitabuni. Masalia ya povu la florini hung'ang'ania kuta za tangi na mabomba hata baada ya kusuuzwa mara nyingi. Kwa hiyo kabla ya kukwangua kutu na kupaka rangi nyekundu, afadhali wachukue sampuli ya maji ya tangi wakaipime maabara, na wajue yatamwagwa wapi.