Mbosso na Wana Njenje

Mwaka 2021 ulituletea albamu mbili kubwa za Bongo Fleva. Sound from Africa ya Rayvanny ina nyimbo 23 na wageni wengi kutoka nje. Wanaimba vizuri, lakini mwenyeji anapotea humo ndani. Mimi naisikiliza zaidi Definition of Love ya Mbosso, yenye nyimbo 12, hasa kwa sababu ya wimbo wa Tulizana. Humo amewashirikisha Wana Njenje, yaani Kilimanjaro Band, wakongwe wa dansi waliokuwa jukwaani kabla yeye hajazaliwa. Hakuwaweka kama pambo. Mbosso, kijana wa Kibiti, ametulia, akawaachia wazee nafasi. Nawaomba wasanii wetu wanaotafuta kolabo Lagos na Johannesburg wabishe hodi kwa wapigaji hawa pia, wakiwa bado wanapiga.